Mayai ya Shangazi na Neno BADILI

12 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Kaa chini kwanza. Kama umeshakaa, shika kiti, maana kaka yako ana bahati ambayo hata mwenyewe ameanza kuiogopa. Nimepandishwa cheo. Mimi sasa ndiye mwandika programu mkuu wa karakana nzima. Nina meza yangu kando ya dirisha, nina birika la chai lisiloguswa na mtu, na bosi akipita ananiita Injinia mbele za watu. Injinia, mdogo wangu, mimi niliyeiaga shule kwa kupitia dirishani. Sijipigii debe, nakupa habari tu.

Kwa upande wa afya nadunda. Nimenenepa mpaka mkanda nimeutoboa tundu jipya. Wewe hujambo? Shemeji mgongo wake umekubali kunyooka? Na Shangazi bado anawagombeza watu wazima kama watoto wa chekechea? Mpe shikamoo yangu, mwambie cheo hakijanitoa heshima.

Sasa fungua kifurushi taratibu. Hiyo bodi ya kijani ndiyo ubongo mpya wa mashine yenu ya kutotolesha vifaranga. Ile swichi ya kuzungusha kama redio ya babu itupeni. Bodi hii inapima joto, inapima unyevu, inageuza mayai, na ikifika wiki ya mwisho inaacha kugeuza na kujiwekea vipimo vipya bila kuambiwa na mtu.

Nimeiandika kwa lugha inaitwa Forth. Ni lugha ya wavivu wenye akili, ndiyo maana tumepatana. Humo namba zinakaa kwenye rundo, moja juu ya nyingine, kama sahani za Shangazi jikoni: unaweka juu, unachukua ya juu. Halafu kuna maneno ya kulichezea hilo rundo. Liko la kunakili sahani ya juu, liko la kuitupa, liko la kubadilishana mbili za juu, ya chini iwe juu. Forth inakuja na maneno hayo yakiwa tayari, na mafundi wa kawaida wanayatumia hivyo hivyo. Mimi si wa kawaida. Nimeyaandika upya yote, kwa Kiswahili: NAKILI, TUPA, BADILI. Na nimeshuka mpaka sakafuni, kwenye prosesa yenyewe. Prosesa ina mifuko michache wanaiita rejista, na kitu kilichoko mfukoni inakifikia upesi kuliko kilichoko kwenye rundo. Basi BADILI yangu inachomoa namba moja, inaitia mfukoni, inasukuma ya pili mahali pake, inatoa ile ya mfukoni, kwisha. Haraka mpaka aibu.

Kitufe chekundu ni cha kubadili vipimo kwa mkono. Kisiguswe. Shangazi awe meneja wa mashine, kwa sababu kuku ni wake na mdomo wa umeneja anao.

Kaka yako,
Injinia

*

3 Machi

Kaka Injinia,

Nimeanza na cheo usije ukasema nakudharau. Huku hatujambo. Mgongo wa shemeji yako umenyooka kiasi cha kumwezesha kubishana nami kuhusu nyaya zako, nyekundu iende wapi na nyeusi iende wapi. Alishinda yeye, taa haikuwaka. Nikashinda mimi, ikawaka. Tangu hapo anasema alikuwa ananijaribu.

Shangazi ameuchukua umeneja. Chumba cha stoo kimefagiwa mpaka pembeni, na mlangoni amebandika karatasi: HAPA HUINGII HOVYO. Mayai aliyachagua mwenyewe, ya kuku wake wale wa madoadoa, kila moja akilitazama kwenye balbu kama daktari anayesoma picha ya mbavu. Yaliyomkera akatukaangia.

Kila asubuhi baada ya chai anaingia, anasoma namba kwenye kioo, anatoka, anatutangazia joto na unyevu kama mtu wa redio. Na wateja wake wa cherehani hawapumui. Mtu amekuja kupunguza suruali, anapewa kwanza habari za "mwanangu Injinia" aliyeshuka mpaka kwenye mifuko ya prosesa. Mteja mmoja akamuuliza, hiyo mifuko inashonwaje? Shangazi akamjibu, "Kwa akili. Wewe vua suruali nipime."

Swali langu moja tu, Kaka. Umeandika kwamba neno lako ni la haraka mpaka aibu. Yai linakaa wiki tatu bila kusogea. Kwani lilikuwa linachelewa wapi?

Tunakupenda, usivimbe kichwa.

Dada yako

*

28 Machi

Kaka,

Natumai wewe u mzima. Sisi wa mwili tuko wazima.

Mayai yote yameharibika. Ilikuwa wiki ya mwisho, siku ile ile mashine ilipoacha kugeuza kama ulivyosema. Tulirudi kutoka kazini tukakutana na harufu tangu barazani, harufu ya mayai ya kuchemsha. Shemeji yako alikimbilia stoo. Kifuniko kilikuwa cha moto, na kwenye kioo, pale inapoandikwa joto linalotakiwa, palisomeka hamsini na nane. Unajua mwenyewe mayai yanataka thelathini na saba na kitu. Tulipasua moja. Kifaranga alikuwa amekwisha kuota manyoya. Sikupasua jingine.

Siku hiyo Shangazi ndiye alikuwa nyumbani peke yake, na asubuhi alifuta vumbi kwenye mashine, kisha akashinda uani kwenye cherehani. Shemeji yako hakupaza sauti, ningeona afadhali angepaza. Alisema, "Shangazi, kile kitufe tulikatazwa."

"Sikukigusa. Nilifuta kioo."

"Labda kitambaa kilipita juu yake."

"Kitambaa nilikishika mimi. Ningejua kilipopita."

"Mashine haijiwekei hamsini na nane yenyewe, Shangazi."

 Shangazi alikwenda kuchukua beseni, akayatoa mayai moja moja, akaenda kuyafukia nyuma ya nyumba. Alikataa kusaidiwa.

Unamjua Shangazi. Akikosea anakosea kwa kelele na anakiri kwa kelele zaidi. Safari hii amesema hakugusa, na mimi namwamini, lakini namba iko pale na mtu mwingine hakuwepo. Kwa hiyo nakuuliza wewe uliyeitengeneza. Mashine inaweza kukosea? Niandikie ndiyo au hapana. Porojo weka akiba.

Dada yako

*

11 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za huko zimenikata maini. Poleni sana, na mpe Shangazi pole yangu ya pekee. Huku mzima, kazi zimenibana mpaka chai inapoa kwenye lile birika langu.

Sasa swali lako. Bodi ile niliipima hapa mezani. Niliikimbiza saa yake, wiki tatu zikapita kabla sijamaliza mkate, na ilipofika wiki ya mwisho ikabadili vipimo bila kukosea hata nukta. Prosesa haina usingizi wala haina mawazo. Inafanya ilichoambiwa. Kwa hiyo, kitaalamu, tutasema kitufe kiliguswa.

Lakini msimlaumu. Mwambie shemeji apunguze. Ni uzee tu, hata mimi nywele zimeanza kunihama na juzi nilitafuta kalamu ilhali iko sikioni. Mtu anafuta vumbi, mkono unapita, akili iko kwenye mambo mengine. Wekeni mayai mengine, kitufe kizibeni kwa plasta, Shangazi akae pembeni apumzike. Amelea watu wangapi huyo? Ametulea sisi, na tulikuwa mzigo wa punda wawili.

Nitawaletea kitu kizuri nikipata nafasi.

Kaka yako

*

4 Mei

Kaka,

Salamu. Nimekawia kukuandikia kwa sababu nilitaka kuona kwanza kama mambo yatatulia. Hayajatulia.

Barua yako ilipofika Shangazi aliniuliza, "Kaka yako kasema nini?" Nilitaka kumfupishia, akakataa, akataka nimsomee neno kwa neno. Nikasoma. Pale ulipoandika uzee alininyooshea mkono. "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Basi ni kweli. Yule hawezi kunisingizia." Akaniomba nimsamehe kwa kuwa alibisha.

Tangu siku hiyo, Kaka, sijui nikueleze vipi. Mlango anataka nifunge mimi. Akionja mchuzi ananiita na mimi nionje. Wiki iliyopita nilimkuta jikoni amesimama na kibiriti mkononi, jiko liko mbele yake, haliwashi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Washa wewe. Mimi nitasema nimezima, kumbe sijazima." Huyo ni mtu aliyetupikia miaka yote, na alikuwa akijua kwa harufu tu nani kamwaga maziwa.

Cherehani ameifunika shuka. Mwalimu wa jirani alileta kitambaa cha gauni, Shangazi akakirudisha. Alimwambia anaogopa atakata mkono wa kulia mara mbili. Mwalimu alicheka, akidhani ni utani. Hakuwa anatania.

Nilimpeleka hospitali. Daktari alimuuliza maswali mengi, akamjibu yote, mengine akamrekebisha daktari. Daktari akasema kichwa chake kiko sawa kuliko cha kwangu. Tulipotoka nje Shangazi akaniambia, "Huyo hakuwepo siku ya mayai."

Shemeji yako naye sasa anaogopa kumwacha nyumbani peke yake mchana. Amezungumza na binamu yetu, mwenye nyumba kubwa, watu hawakosekani pale. Anasema Shangazi akakae huko aangaliwe.

Kaka, unaijua mashine ile kuliko sisi. Fikiria tena. Sikuombi useme uongo. Nakuomba ufikirie.

Dada yako

*

26 Mei

Kaka,

Hukujibu. Nilidhani barua imepotea, lakini karani wa posta anasema imefika.

Shangazi anahamia kwa binamu Jumamosi ya wiki ijayo. Amenikabidhi funguo zake zote, hata ya lile sanduku lake ambalo tangu tukiwa wadogo tulikuwa tukilitolea macho. Alisema, "Shika wewe, mimi nitazipoteza." Hajawahi kupoteza ufunguo, Kaka.

Haya. Kama una salamu zake, ziandike kabla hajaondoka.

Dada yako

*

30 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii nimemkabidhi dereva wa basi mkononi, nimembembeleza mpaka kanionea huruma, ili ikufikie kabla ya Jumamosi. Usiisome kimya. Mkalishe Shangazi, mwite na shemeji aache anachofanya, kisha soma kwa sauti. Ukifika mahali pa kunitukana, nitukane, halafu endelea.

Shikamoo, Shangazi.

Hukugusa kitufe. Hata ungekigusa kwa kitambaa, kwa kiwiko, kwa kisigino, kisingeleta hamsini na nane. Kitufe kile kinapandisha nusu nusu, na ukivuka arobaini kinakataa. Nilikiwekea kizuizi mwenyewe. Ili namba ile iingie lazima ipitie ndani, na ndani niliingia mimi tu.

Nitakueleza ilivyokuwa, na nitaeleza polepole, kwa sababu nataka ukimaliza kusikia usibakize hata tone la shaka juu ya kichwa chako.

Prosesa inapofanya kazi, kila baada ya muda kipima unyevu kinabisha hodi. Prosesa inaacha ilichokuwa inafanya, inampokea mgeni, inasoma unyevu, inaandika pembeni, kisha inarudi ilikokuwa. Mgeni huyo naye anahitaji mfuko wa kushikia namba yake. Adabu ya kazi ni kwamba kabla hajautumia mfuko, atoe kilichomo, akiweke mahali salama, na akiondoka akirudishe. Nilipomwandika mgeni nikaona ule mfuko, unaitwa HL, hakuna anayeutumia. Nikasema adabu ya nini, inapoteza muda. Nikaiondoa.

Baadaye ndipo nikaandika BADILI. Nikataka iwe nyepesi kuliko za watu wote duniani. Nikatafuta mfuko mtupu wa kushikia namba wakati wa kubadilishana, nikauona HL, nikafurahi. Mgeni nilikuwa nimeshamsahau.

Siku ya kuacha kugeuza mayai, mashine iliweka joto na unyevu mpya juu ya rundo, ikaita BADILI. BADILI ikachomoa joto ikalitia kwenye mfuko. Hapo hapo, katikati, hodi. Mgeni akaingia, akatia unyevu wa wakati ule kwenye mfuko ule ule, akaondoka bila kurudisha kitu. BADILI ikaamka, ikatoa kilichomo mfukoni, ikakiita joto. Hamsini na nane ulikuwa unyevu, Shangazi. Unyevu wa kawaida kabisa, uliousoma wewe mwenyewe kila asubuhi na kuutangaza. Hita ikaambiwa ifike hapo, nayo ikatii.

Nilipoipima mezani haikuonekana, kwa sababu kipima unyevu nilikuwa nimeshakifunga kwenye kifurushi chenu. Nilipima nyumba ambayo mgeni haji.

Sasa sikilizeni ubaya wenyewe. Dada alipoandika hamsini na nane, nilijua kabla sijaikunja barua. Hakuna joto linaloitwa hamsini na nane katika kuku wala katika mtu. Nilitafuta bodi nyingine, nikaifungia kipima unyevu kingine, nikaiacha iite BADILI mfululizo. Mara nyingi ilileta namba sawa. Kisha ikaleta unyevu. Niliizima, nikakaa chini. Kesho yake ndipo nilipokuandikieni ile barua ya uzee. Niliiandika nikijua.

Nilijiambia, Shangazi ataudhika siku mbili kisha atasahau. Ona neno hilo. Nilitegemea wewe usahau, wewe unayekumbuka siku niliyovunja kioo cha kabati na shati nililovaa. Na ile barua ya kibiriti, dada, nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mkunjo. Kila nikitaka kujibu naandika mzaha, naangalia mzaha, nachana.

Shemeji, hukumwonea mtu kwa makusudi. Ulipewa ushahidi na fundi. Lakini nakuomba umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, tena leo, kwamba haendi kokote. Binamu apewe shukrani, abaki na nyumba yake kubwa.

Dada, mrudishie funguo mkononi. Usiziweke mezani. Fungueni mashine, chomoeni ile chipu ndefu yenye karatasi nyeupe mgongoni, itupeni chooni. Ile swichi ya redio ya babu, kama hamjaitupa, irudisheni. Ilikuwa na adabu kunishinda.

Shangazi, uliniambia zamani kwamba nina mdomo mrefu lakini moyo wangu uko sawa. Kuhusu moyo sijui tena. Nilikuona unazama, kamba ninayo mkononi, nikaendelea kuhesabu nyuzi zake. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba tu leo jioni uwashe jiko wewe. Ukilizima, utakuwa umelizima.

Najua dada ataniuliza, kwa sababu ana akili za kuudhi: karakana nzima ya mafundi, Injinia mkuu, na hukupata hata mmoja wa kuitazama kazi yako kabla hujaituma? Sikumpata kwa sababu sikuthubutu kumwomba. Bodi ile niliiokota kwenye pipa la vilivyoharibika. Programu niliiandika saa za chakula, nyuma ya stoo, kwa kuchungulia kitabu ambacho mafundi wamekichoka. Ningemwonyesha mtu, angeniuliza nani kakuruhusu kugusa hiki.

Sina meza kando ya dirisha. Birika ni la wote na mimi ndiye ninayeliosha. Bosi hajawahi kuniita Injinia, nadhani jina langu halijui. Hakuna aliyenipandisha cheo. Hapa kazi yangu ni kufunga maboksi.

Mwanao